Mkono Ufike: Kuandaa Mashua Ndogo ya Tanga kwa Safari ya Mbali

Kabla sijagusa tanga, injini au betri ya mashua inayotarajiwa kwenda mbali, hulala kifudifudi sakafuni mwake na tochi mkononi nikauliza swali moja: mkono unafika? Unafika kwenye kila vali iliyo chini ya usawa wa maji? Unafika kwenye nati za mabamba yanayoshika nyaya za mlingoti? Unafika kwenye kona ya chini kabisa ya ngama, maji yanapokusanyika? Mashua nyingi ndogo za faiba zilijengwa kwa matembezi ya mchana na kurudi bandarini jioni. Waliozijenga walivifunika viungo kwa mbao na faiba ili ndani papendeze, na kwa kazi ile ilitosha. Lakini wewe unataka kukaa wiki tatu bila kuona nchi kavu. Kisichofikika kwa mkono hakikaguliwi, na kisichokaguliwa hutajua kimeoza mpaka kikatike.

Mashua yangu ina urefu wa mita 8, ganda la faiba, mlingoti mmoja wa alumini na mkuku wa chuma (ule uti mzito wa chini ya mashua) ulioshikwa kwa bolti. Utaratibu ninaoufuata kuitunza una ngazi nne. Kwanza maji yasiingie. Pili mlingoti usianguke. Tatu usukani usikatike. Nne, mwenye kuongoza chombo apate kulala. Mengine yote, hata yanayouzwa kwa mbwembwe nyingi, yanasubiri hayo manne yaishe.

Udogo wenyewe si kikwazo. John Guzzwell aliizunguka dunia kati ya 1955 na 1959 kwa Trekka, mashua ya mita 6 na kitu, aliyoijenga kwa mikono yake. Kila kiungo alikijua kwa sababu ndiye aliyekiunga. Mimi na wewe tuliokuta mashua imeshajengwa tunapaswa kuupata ujuzi huo kwa kuifungua.

Basi anza kwa kuifungua. Nunua vifuniko vya duara vya kuzungusha, vyenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, na ukate matundu popote panapokuzuia kuona: chini ya vitanda, pembeni mwa matangi, nyuma ya kabati, mwishoni kabisa karibu na usukani. Usikate ukuta mkuu unaobeba mlingoti, wala mataruma, zile mbavu zilizo juu ya mkuku, wala karibu na mabamba ya nyaya. Hizo ndizo sehemu zinazokibeba chombo. Kingo za plaiwudi uliyoikata zipake epoksi, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, mara mbili, vinginevyo zitafyonza unyevu na kuoza. Kazi hii haionekani na hakuna mgeni atakayekusifu kwa ajili yake, lakini ndiyo matengenezo ya kwanza ninayompa kila anayeniuliza.

MAJI YASIINGIE

Chukua tundu la milimita 38, kipimo cha kawaida cha bomba la choo cha mashua, lililo nusu mita chini ya usawa wa maji. Mpira wake ukichomoka, maji yanaingia zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ya mkono inayosukumwa na mtu mmoja aliyechoka haitashindana na hayo kwa muda mrefu. Ndiyo maana vali hizi nazishughulikia kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu matundu yote yaliyo chini ya maji, kisha jiulize lipi unaweza kuishi bila hilo. Sinki ya jikoni inaweza kumwagia ndoo. Tundu usilolihitaji lizibe kabisa: saga faiba kuizunguka kwa mteremko wa kumi na mbili kwa moja, yaani ganda la unene wa milimita 6 unalisaga hadi milimita 72 kutoka ukingoni kila upande, kisha panga vitambaa vya kioo na epoksi kuanzia kidogo hadi kikubwa. Mteremko mfupi ni kibandiko kitakachobanduka. Mteremko mrefu unalirudishia ganda uzima wake.

Vali zinazobaki zifungue na kuzifunga zote. Iliyokwama usiilazimishe kwa spana ndefu mashua ikiwa majini, ngoja ipandishwe. Ikiwa nchi kavu, ikwaruze kwa kisu. Brasi ya kawaida, shaba iliyochanganywa na zinki, hupoteza zinki yake katika maji ya chumvi ikabaki na rangi ya waridi, na hapo inavunjika kwa kugongwa kidogo. Ukiiona rangi hiyo ng'oa vali hiyo siku hiyohiyo. Badala yake weka bronzi, au brasi iliyotengenezwa mahsusi ili zinki isitoke, au plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Kila ncha ya mpira ipate klipu mbili za stenlesi iwapo shingo ya bomba ni ndefu ya kutosha. Ikiwa fupi, klipu ya pili itaishia kukata mpira. Na kwenye kila vali funga kwa uzi kigingi cha mbao laini kilichochongwa ncha. Mbao laini hufura ikilowa na kuziba. Kiwe palepale kwenye vali, kwa sababu maji yakiwa magotini hutakumbuka sanduku la vigingi liko wapi.

Sitaha ndiyo adui wa polepole. Nyingi zina tabaka mbili za faiba na katikati yake mbao nyepesi ya balsa. Maji yakipita kwenye tundu la bolti, balsa inaoza kimyakimya na bamba lililofungwa juu yake linabaki limeshika uji. Gonga sitaha nzima kwa mpini wa bisibisi: penye afya hulia ko, ko, ko, na penye ugonjwa hutoa pu nzito. Chora duara kwa penseli kila unaposikia pu.

Kila kifaa cha sitahani ninakifanyia kazi ifuatayo, hata kama hakivuji bado. Nang'oa kifaa. Napanua tundu katika tabaka la juu na katika balsa, milimita 14 kwa bolti ya milimita 8, bila kupanua tabaka la chini. Naziba chini kwa utepe, napaka kuta za tundu epoksi nyepesi inywewe na mbao, kisha najaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika. Ikikauka natoboa tena kwa kipimo cha bolti. Sasa hata maji yakipenya chini ya kifaa yatakutana na epoksi, na balsa itabaki kavu. Mdomo wa tundu naupanua kidogo ili utepe wa biutili, mpira laini unaonata na kuziba, ukae kama pete kuizunguka bolti. Chini ya sitaha naweka bamba la alumini au faiba nene, maana washa ndogo huizamia sitaha mzigo ukija. Kisha nakaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, nikizungusha nati tu huku mwenzangu ameishika bolti isigeuke. Biutili haina haraka. Ukiikaza yote kwa mkupuo itatoka nje na kuacha pengo.

Biutili ni ya juu ya maji tu. Chini ya maji tumia gundi ya polisalfaidi au ya polyurethane, ukikumbuka kwamba polyurethane ile kali kuliko zote ni ya vitu usivyokusudia kuving'oa maishani. Madirisha ya plastiki usiyapake polisalfaidi, inayala.

Nyuma, lile shimo anamokaa mwenye kushika kana (mpini wa usukani), ni beseni kubwa kuliko linavyoonekana. Lipime. Lenye urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 45 linabeba karibu tani moja ya maji wimbi likilijaza, na tani hiyo inakaa tezini, yaani nyuma ya chombo, mahali ambapo wimbi linalofuata litapanda. Mifereji ya milimita 25 iliyokuja na mashua ni ya mvua tu. Ibadilishe iwe ya milimita 50. Kipenyo kikiwa maradufu, nafasi ya maji kupita inakuwa mara nne. Vifuniko vya makasha ya viti vipate komeo za kukaza kweli na mpira wa kuziba, kwa sababu kasha moja likifunguka lina njia ya moja kwa moja hadi ngamani.

Mlango wa kushukia chini nao una historia yake. Katika mashindano ya matanga ya Fastnet, kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet karibu na Ireland na kurudi, ya Agosti 1979 ziliondoka mashua 303, tufani ikazikuta njiani. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na kati ya hizo 5 tu ndizo zilizozama. Moja ya kasoro zilizobainika ni mbao za mlango zilizochomoka mashua zilipolazwa na mawimbi, zikaacha uwazi mpana. Funga kila ubao kwa kamba fupi na uweke komeo linalofungika na kufunguka kutoka ndani na nje pia. Komeo la nje peke yake litamfungia mtu ndani.

Kuhusu pampu, tezi na omo (mbele ya chombo) marejeo ni ngamani: maji yote, yaingie kutoka wapi, yataishia hapo chini. Weka pampu mbili za mkono, moja ya kusukumwa ukiwa umekaa kwenye kana, nyingine ukiwa ndani na mlango umefungwa. Ya umeme iwe ya ziada. Na ufagie ngama yenyewe. Pampu nyingi hushindwa kwa karatasi, nywele na vumbi la mbao lililoachwa na mafundi.

MLINGOTI USIMAME

Nyaya za stenlesi hudanganya kwa uzuri wake. Hung'aa huku zikifa, na hufia mahali pasipopata hewa: ndani ya ncha iliyobanwa kwa mashine, ambamo maji ya chumvi hukaa bila oksijeni na chuma hukosa ngozi yake ya kinga. Ncha za chini ndizo za kwanza kwenda, kwa sababu maji huteremkia huko. Chukua lenzi ya kukuza na mwanga wa pembeni, tafuta ufa mwembamba unaokwenda na urefu wa ncha, au mstari wa kutu unaotoka ndani. Pitisha karatasi laini juu ya waya wote. Uzi mmoja uliokatika utainasa. Ukiupata mmoja, waya mzima umekwisha. Nyaya zilizozidi miaka 10 hubadilishwa kabla ya safari ya mbali hata zikionekana nzima, na ikiwa hujui umri wake zichukulie kuwa zimezidi.

Mimi nilipobadilisha zangu niliongeza unene kwa kipimo kimoja, nikatumia ncha za kufungwa kwa spana, za aina ya Sta-Lok, badala ya zile za mashine. Sababu yangu ni ileile ya mkono: ncha hizo naweza kuzifungua nikaona ndani, na waya ukikatika baharini naweza kutengeneza mwingine nikiwa nimekaa sakafuni. Kwa dharura nabeba kamba ya Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, yenye urefu wa waya mrefu kuliko wote, pamoja na vishikizo vyake. Haihitaji mashine, hukatwa kwa kisu na kusukwa kwa vidole.

Mabamba yanayoshika nyaya ubavuni yang'oe angalau moja kila upande. Sehemu ya hatari ni ile inayopita katikati ya sitaha, ambayo huioni ukiwa juu wala chini. Ukikuta vishimo vidogo vidogo vya kahawia hapo, ng'oa yote yaliyosalia. Hapa ndipo watu wengi husita, kwa kuwa bamba linaonekana zima pande zote mbili. Nakuomba usisite. Waya mpya uliofungwa kwenye bamba bovu haukupi chochote.

Mlingoti ukiwa umelazwa, kagua pia mikono yake (vijiti vya pembeni vinavyozitanua nyaya), roda za juu zinamopita kamba, na pini zote. Badilisha taa ziwe za LED. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano zinairuhusu mashua ya tanga iliyo chini ya mita 20 kubeba taa moja ya rangi tatu kileleni, inayoonekana mbali zaidi kuliko taa za omoni zinazofichwa na mawimbi. Lakini hiyo ni ya wakati wa tanga tu. Ukiwasha injini, taa za chini ndizo za kutumia.

USUKANI NA MKUKU

Mashua ikiwa juu ya gati, shika usukani kwa chini uutikise kwa nguvu kushoto na kulia. Ukicheza kwenye bushi zake, bushi zibadilishwe. Kisha uache siku kadhaa na urudi kuutazama. Ukiendelea kulia machozi ya kahawia wakati mashua yote imekauka, ndani una maji. Sukani nyingi za faiba zina povu ndani na mifupa ya stenlesi iliyochomelewa kwenye mti wa usukani, na stenlesi iliyozama kwenye povu lililolowa inakufa kama nyaya zinavyokufa. Mimi nilikata dirisha upande mmoja wa usukani wangu nikaona uchomeleaji wote kwa macho, kisha nikalifunga kwa faiba. Ni kazi ya wiki moja, na imenipa usingizi kuliko kifaa chochote cha elektroniki.

Hata hivyo panga kana kwamba utavunjika. Andaa usukani wa akiba: ubao wa plaiwudi nene uliopakwa epoksi, na vishikizo vilivyokwisha kufungwa tezini. Ujaribu ukiwa karibu na nchi kavu, kwenye mawimbi. Usukani wa akiba ambao haujawahi kuguswa na maji ni mbao tu.

Bolti za mkuku: tafuta ufa unaozunguka pale mkuku unapokutana na ganda, na kutu karibu na nati ndani ya ngama. Ukiona vyote viwili, usiondoke kabla ya bolti moja kutolewa na kutazamwa. Kipande cha zinki kwenye shafti ya injini, kinachowekwa kiliwe badala ya chuma, hubadilishwa kikiwa kimelika nusu. Katika maji matamu zinki haifai, huko hutumika magnesiamu. Rangi ya sumu ya kuzuia mwani na viumbe vya magamba ipake tabaka mbili, na ya tatu kwenye usawa wa maji na ukingo wa mbele wa usukani, maana huko huchubuka kwanza.

ANAYEONGOZA ALALE

Mashua ndogo huwa na watu wawili, mara nyingine mmoja. Hakuna binadamu awezaye kushika kana usiku na mchana kwa wiki tatu, na uchovu huzaa maamuzi mabaya kuliko upepo wowote. Kwa hiyo kama una fedha za kitu kimoja tu kikubwa, nunua usukani wa upepo. Bawa lake hupima pembe ya upepo, na mashua ikipotoka, bawa hulala na kuzungusha kasia lililo majini. Mwendo wa maji wenyewe hulisukuma kasia hilo kwa nguvu na kuvuta kamba za kana. Upepo ukizidi, nguvu yake nayo inazidi. Baharia Mwingereza Blondie Hasler alitumia kifaa cha namna hiyo mwaka 1960 katika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, ndani ya Jester, mashua ya mita 7 na nusu hivi, akamaliza wa pili kwa siku 48.

Kitu kingine kinachoufanya niupende ni umeme. Tazama hesabu ya siku moja. Kiendeshi cha umeme cha kana kinachokula wastani wa ampea 2 kitamaliza ampea-saa 48. Ramani ya kielektroniki yenye ampea 0.7 ni karibu 17. Redio ya VHF ikisikiliza tu ni 7, kipokezi cha AIS, kinachoonyesha meli zilizo karibu, 5, taa ya kileleni usiku kucha 2 na nusu. Jumla ni karibu 80. Ondoa kiendeshi, zinabaki 32. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri, isipotiwa kivuli, inarudisha takriban ampea-saa 30 kwa siku. Mwenye usukani wa upepo anaishi kwa paneli moja au moja na nusu, na asiye nao anahitaji tatu, pamoja na betri za kuzibeba. Kivuli cha waya mmoja juu ya paneli hupunguza mavuno kupita kiasi, kwa hiyo ifunge inapoweza kugeuzwa.

Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 ihesabu kuwa ni 50 tu, maana kuishusha chini ya nusu mara kwa mara huiua mapema. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma hutoa 80 bila malalamiko na ni nyepesi, ila inadai chaja yake. Iwe ipi, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati.

Usukani wa upepo hautafanya kazi kwenye mashua isiyo na mizani. Kwanza punguza matanga mpaka kana iwe nyepesi mkononi. Kwa safari ndefu tanga kuu lipate mkunjo wa tatu, wa kina, na kamba za kulipunguza uzivute bila kutambaa hadi mlingotini usiku. Matanga yenyewe hufa kwa jua na kwa msuguano. Kushona upya mistari ya uzi kabla ya kuondoka ni rahisi kuliko kushona sitahani huku chombo kinakwenda mrama. Tia viraka pale tanga linapogusa mikono ya mlingoti, na kila siku baharini sogeza henza, kamba ya kupandishia tanga, sentimita chache ili isiliwe na roda mahali pamoja.

UZITO

Katika mashua ya ukubwa wa yangu, karibu kila kilo 100 huizamisha sentimita moja. Nahesabu maili 100 za bahari kwa siku, kwa hiyo maili 2,000 ni siku 20. Watu wawili kwa lita 4 kila mmoja ni lita 160, nami huongeza nusu yake kwa ajili ya upepo unaokataa: lita 240, sentimita 2 na nusu zimekwenda kwa maji ya kunywa tu. Yagawe katika vyombo visivyopungua vitatu vyenye vali zake, ili kimoja kikichafuka usipoteze yote. Baada ya hapo kila kitu kiingiacho kinapaswa kutetewa. Mnyororo wa nanga wa milimita 8 una uzito wa karibu kilo 1.4 kwa mita. Mita 50 ni kilo 70 kwenye ncha ya omo, mahali pabaya kuliko pote. Mimi nina mita 30 za mnyororo, kisha amari (kamba ya nanga) ya nailoni, na wakati wa kuvuka bahari kubwa mnyororo hushushwa ukalazwa karibu na mkuku. Nanga yenyewe iwe kubwa kwa kipimo kimoja kuliko jedwali linavyosema. Hapo sibani uzito.

Sakafu, betri, jiko, masanduku ya spana: vyote vifungwe kana kwamba mashua itapinduliwa juu chini. Betri iliyochomoka inaweza kumuua mtu aliyelala.

Kwa tufani, ninachobeba ni ile kamba ndefu yenye vikombe vidogo vya kitambaa, takriban mia moja kwa mashua ndogo, aliyoibuni Don Jordan, mhandisi wa ndege wa Marekani, baada ya mkasa wa Fastnet. Huburutwa nyuma, ikaizuia mashua isiteleze na wimbi wala kugeuka ubavu. Mvuto wake unaweza kukaribia uzito wa mashua yenyewe, kwa hiyo haifungwi kwenye vishikizo vya kawaida: tengeneza mabamba mawili maalumu, moja kila pembe ya tezi, yaliyofungwa kwa bolti kwenye ganda.

Usalama wa watu nitausema kwa ufupi. Tandaza mikanda ya kushikia katikati ya sitaha badala ya pembeni, ili kamba inayokufunga kwenye mikanda hiyo iwe fupi kiasi cha kukuzuia kabla hujaanguka. Mikanda hiyo huliwa na jua, ivue bandarini. Kitoa ishara cha dharura cha EPIRB, cha 406 MHz, kisajiliwe kwa jina la mashua yako na betri yake ikaguliwe tarehe. Chati za karatasi na dira iliyorekebishwa viwemo.

JARIBIO

Baada ya yote hayo usianze kusheheni. Toka siku mbili na usiku wake, upepo ukiwa wa kutosha kupunguza tanga mara mbili, na ubishe, yaani uende ukiukabili upepo, kwa saa nyingi kadiri unavyoweza kuvumilia. Kubisha ndiko kunakokamua mashua. Usiku zima taa zote na utafute kwa kupapasa: kila vali, kila kigingi, mpini wa pampu, mkasi wa kukatia nyaya. Punguza tanga gizani. Fungua kichujio cha mafuta ya injini chombo kikiyumba, ukibadilishe, uitoe injini hewa na kuiwasha tena. Ulichoshindwa kukifikia andika.

Ukirudi, inua sakafu yote uonje maji ya ngama kwa ncha ya ulimi. Yakiwa ya chumvi, nyunyiza unga wa chaki kwenye kuta za ndani na urudi baharini nusu siku. Mstari uliolowa kwenye unga utakuongoza hadi tundu lenyewe. Yakiwa matamu, ni tangi au mvua: funga vali za matangi, mwagia sitaha maji ya bomba eneo moja baada ya jingine, kuanzia chini kwenda juu, huku mtu mwingine yuko ndani na tochi. Kaza, ziba, toka tena mpaka ngama irudi kavu, ndipo upakie maji ya kunywa.